Haleluya na Daftari la Hisa

Fungu la kukumbuka: Amosi 5:23, 24.

Soma kwa ajili ya somo hili: Isaya 1:11–17; Amosi 5:21–24; Luka 19:1–10; Ufunuo 18:9–24; Ufunuo 19:1–7.

Ni vigumu kumpata mwanakwaya mzoefu hapa Ilemela asiyeujua wimbo wa Haleluya wa Handel. Huenda hajawahi kuona nota zake za Kizungu. Amejifunza kwa solfa, sauti baada ya sauti, besi wakiwa upande wao na soprano upande wao, hadi siku ya kuziunganisha. Wimbo ule ukianza kwenye makambi, hata asiyejua muziki anatambua kwamba kuna jambo kubwa linatangazwa.

Siku hizi vijana wetu wanasoma mengi kwenye simu zao, na miongoni mwa wanayoyasoma ni hili: mtu aliyetunga wimbo huo aliweka fedha zake katika kampuni zilizouza Waafrika. Kijana akileta habari hiyo darasani na kuuliza kama kwaya iendelee kuimba, mwalimu wa Shule ya Sabato atamjibu nini? Kumwambia anyamaze si jibu. Swali lake ni la haki, na manabii waliuliza swali la namna hiyohiyo kabla yake.

Mtunzi mwenyewe

George Frideric Handel alizaliwa Februari 23, 1685, katika mji wa Halle, Ujerumani. Ni mwaka uleule aliozaliwa Johann Sebastian Bach. Baba yake Handel alikuwa tabibu wa upasuaji, naye alitaka mwanawe asome sheria. Kijana alichagua muziki. Alikwenda Italia kujifunza, kisha akahamia London, na mwaka 1727 akawa raia wa Uingereza. Kwa miaka mingi aliishi kwa kutunga michezo ya kuigiza ya kuimbwa, kazi iliyompa sifa na hasara kwa zamu. Mwaka 1737 alipatwa na kiharusi, akapona.

Mwaka 1741 rafiki yake Charles Jennens alimpa maneno aliyoyakusanya kutoka Maandiko Matakatifu, yakieleza habari za Masihi tangu unabii hadi ufufuo na utukufu. Handel alianza kuyatungia muziki Agosti 22 na kumaliza Septemba 14, siku 24 tu. Mwisho wa karatasi zake aliandika herufi tatu za Kilatini zenye maana ya utukufu kwa Mungu peke yake.

Kazi hiyo, iitwayo Masihi, iliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, Aprili 13, 1742. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili za maskini na kwa kuwakomboa watu waliofungwa kwa sababu ya madeni. Wafungwa 142 walitoka gerezani. Kuanzia mwaka 1750 iliimbwa kila mwaka London kwa faida ya nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, na katika wosia wake Handel aliiachia nyumba hiyo nakala ya muziki wote. Miaka yake ya mwisho aliishi akiwa kipofu. Alifariki Aprili 14, 1759, akazikwa katika kanisa la Westminster, walikozikwa wafalme.

Tungeishia hapo, tungekuwa na mfano mzuri wa kipawa kilichotolewa kwa ajili ya wahitaji. Lakini kuna kitabu kingine.

Daftari la hisa

Katika siku za Handel kulikuwa na kampuni mbili kubwa mjini London. Moja iliitwa Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Meli zake zilibeba Waafrika wengi kuvuka Bahari ya Atlantiki kuliko kampuni nyingine yoyote katika historia ya biashara hiyo. Nyingine iliitwa Kampuni ya Bahari ya Kusini, na tangu mwaka 1713 ilikuwa na mkataba wa kupeleka watumwa katika makoloni ya Hispania kule Amerika. Watu wenye heshima walinunua hisa za kampuni hizo kama leo mtu anavyonunua hisa za benki. Hawakumwona mtumwa. Waliona karatasi, na mwisho wa kipindi waliona gawio.

Handel alikuwa na hisa katika Kampuni ya Bahari ya Kusini tangu mwaka 1716. Karibu na mwaka 1720 jina lake limo pia katika vitabu vya Kampuni ya Kifalme ya Afrika. Vitabu hivyo vilikaa katika makabati ya kumbukumbu kwa zaidi ya miaka 200 kabla mwanahistoria David Hunter hajalitangaza jambo hili katika miaka yetu hii. Baadhi ya matajiri waliomlipa Handel kwa kazi zake walikuwa pia wakubwa wa biashara hiyohiyo.

Sisi wa ukanda wa ziwa tusidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Ni kweli, meli za kampuni hizo zilichukua hasa watu wa Afrika Magharibi. Lakini biashara ya wanadamu ilifika hapa kwa njia ya misafara. Henry Stanley alipofika Kageye, ufukweni mwa ziwa letu, mwaka 1875, aliwakuta wafanyabiashara kutoka pwani. Mwisho wa njia hizo ulikuwa Unguja, ambako soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873. Juu ya uwanja wa soko hilo lilijengwa kanisa la Anglikana, ambalo watu wanaabudu ndani yake mpaka leo. Babu zetu walijua maana ya mtu kuwa na bei.

Majibu mawili yasiyotosha

Jibu la kwanza ni kuuacha wimbo. Mti mbaya hauzai matunda mazuri, wanasema, basi tuukate. Jibu hili lina wivu wa haki ndani yake, nasi tusilidharau. Hata hivyo, tukilifuata hadi mwisho litatuacha bila zaburi. Daudi alimchukua mke wa Uria na kumwua Uria kwa upanga wa Waamoni. Sulemani, ambaye mithali zake tunawafundisha watoto wetu, alijenga hekalu kwa shokoa, kazi ya kulazimishwa (1 Wafalme 5:13, 14, 9:15–21). Balaamu alipenda ujira wa udhalimu, na bado unabii wake kuhusu nyota ya Yakobo umo katika Biblia (Hesabu 24:17). Mungu amewahi kusema kweli kwa vinywa ambavyo mioyo yake haikuwa safi. Kweli hiyo haikuwa mali ya msemaji.

Jibu la pili ni kusema kwamba hayo yamepita, wimbo ni mtamu, tuimbe tu. Jibu hili ni rahisi zaidi, na ni la hatari zaidi. Linachukulia kwamba uzuri wa ibada unaweza kufunika kilio cha mtu. Isaya 1:15 inamwonyesha Bwana akiyafumba macho yake mbele ya watu wanaoomba sana, kwa sababu mikono yao imejaa damu. Amosi anakwenda mbali zaidi, maana anataja muziki wenyewe. Mungu anataka kelele za nyimbo ziondolewe mbele zake, hataki hata kusikia vinanda, mpaka hukumu ya haki itiririke kama maji. Amosi hakuwaambia Waisraeli kwamba wanaimba vibaya. Huenda waliimba vizuri sana. Tatizo lilikuwa sokoni, ambako maskini aliuzwa kwa bei ya jozi ya viatu (Amosi 2:6, 8:4–6).

Wala tusiseme kwamba wema wa Handel kwa wafungwa na watoto yatima umefuta hisa zake. Wafungwa 142 walikombolewa kweli, na tumshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini waliouzwa Karibi hawakupata lolote katika mapato ya Dublin. Sadaka anayopewa mtu mmoja hailipi deni tunalodaiwa na mwingine. Zakayo alilijua hilo. Aliwapa maskini nusu ya mali yake, kisha, kama jambo lingine la pekee, akaahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu (Luka 19:8). Kutoa na kurudisha ni vitu viwili.

Wimbo unamhukumu nani?

Sasa turudi kwenye wimbo wenyewe, maana mara nyingi tunaimba bila kuuliza maneno yametoka wapi. Maneno ya Haleluya ya Handel yametoka Ufunuo 19:6, Ufunuo 11:15 na Ufunuo 19:16. Tazama kwanza sura ya 19. Katika Agano Jipya lote neno haleluya linapatikana katika sura hiyo peke yake, mara nne. Kwa nini mbingu imengoja mpaka hapo?

Jibu liko sura ya 18. Babeli umeanguka, na wafanyabiashara wa dunia wanalia kwa sababu hakuna anunuaye bidhaa zao tena. Yohana anaziorodhesha: dhahabu, fedha, lulu, kitani, pembe za ndovu, mvinyo, ng'ombe, kondoo, farasi, magari. Mwisho kabisa wa orodha hiyo wapo wanadamu, miili yao na roho zao (Ufunuo 18:13). Katika mji huo mtu aliandikwa kwenye daftari baada ya farasi. Mistari tisa baadaye malaika anatangaza kwamba sauti ya wapiga vinanda na waimbaji haitasikika tena ndani yake (fungu la 22). Babeli ulikuwa na muziki mzuri, lakini ndani yake ilionekana damu (fungu la 24).

Kisha, mara tu muziki wa Babeli unaponyamaza, mkutano mkubwa mbinguni unaanza kuimba Haleluya. Na sababu yao ya kwanza ni kwamba hukumu za Mungu ni za kweli na za haki (Ufunuo 19:1, 2).

Kama Waadventista tunafahamu kwamba Babeli wa Ufunuo ni zaidi ya soko. Ni mfumo wa ibada ya uongo. Lakini Yohana hakuitenga ibada ya uongo na biashara ya udhalimu. Aliziona katika mji mmoja. Wito wa kutoka Babeli (Ufunuo 18:4), ambao kanisa letu limeupenda na kuuhubiri, ni wito wa kutoka katika mafundisho yake na katika daftari zake pia.

Basi ona jambo hili la ajabu. Mtu mwenye hisa katika biashara ya wanadamu alitunga muziki wa wimbo ambao mbingu inauimba siku mji ule unaouza wanadamu unapoanguka. Alipokuwa akiandika nota zile kwa haraka mwaka 1741, alikuwa anaandika hukumu juu ya jina lake mwenyewe katika vitabu vya kampuni. Wimbo ni mkubwa kuliko mtunzi, nao haukumpendelea.

Hii ndiyo sababu ninaamini kwaya yetu inaweza kuuimba, tena inapaswa kuuimba kwa ufahamu. Tunapousikia watu wengi husimama. Hatusimami kwa heshima ya Handel. Yeye mwenyewe aliandika kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake, nasi tumkubalie hapo. Tunaweza kuutumia wimbo bila kumfanya mtunzi kuwa mtakatifu, na tunaweza kuisema dhambi yake bila kuuzima wimbo. Tena tukumbuke kwamba kuuimba leo hakumpi Handel gawio lolote, wala hakuongezi mtumwa hata mmoja. Jambo lingekuwa tofauti kama mwenye kudhulumu angekuwa hai, udhalimu unaendelea, na wimbo wetu unamjazia mfuko.

Mtu wa pili katika habari hii

Kuna mtu mwingine ambaye maisha yake yanagusa wimbo huu. John Newton alikuwa nahodha wa meli za watumwa. Alianza kumtafuta Mungu mwaka 1748 baada ya kuokoka katika dhoruba, lakini aliendelea na biashara ile hadi 1754. Baadaye akawa mchungaji, na wimbo wake juu ya neema ya ajabu uko katika vitabu vya nyimbo vya makanisa mengi duniani.

Mwaka 1784 muziki wa Handel ulipoimbwa kwa sherehe kubwa mjini London, Newton aliona watu wakifurahia sauti na kuusahau ujumbe. Akaanza kuhubiri juu ya mafungu yaleyale ya Biblia yaliyomo katika Masihi, mahubiri 50, akayachapisha mwaka 1786. Alifananisha hali ile na wafungwa wanaongoja hukumu ya kifo ambao wanayatungia muziki mashtaka yao wenyewe ili wajiburudishe. Miaka miwili baadaye, 1788, aliandika kijitabu akieleza wazi yale aliyoyafanya na kuyaona ndani ya meli za watumwa, ili biashara hiyo ikomeshwe. Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1807, mwaka aliofariki.

Newton alichelewa sana, na hatupaswi kuficha hilo. Lakini daftari lake alilifungua mwenyewe, akiwa hai, mbele ya watu. Daftari la Handel lilifunguliwa na wengine, yeye akiwa kaburini. Kila mmoja wetu daftari lake litafunguliwa (Ufunuo 20:12). Tofauti ni nani atakayelifungua kwanza.

Daftari zetu

Ni rahisi kumhukumu mtu aliyekufa mwaka 1759. Tujiulize kuhusu hapa kwetu. Kwaya inataka sare mpya, kinanda na fedha za kurekodi. Wanaitwa wageni wa heshima kuchangia. Mmoja ni tajiri wa mitumbwi, na kila mtu mwaloni anajua kwamba vijana wake wanavua kwa kokoro na nyavu za timba, wanakomba sangara wachanga kabla hawajazaa. Mwingine ana wavuvi wanaomdai mgawo wao wa miezi mitatu. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinafika masikioni mwa Bwana. Je, zinafika pamoja na wimbo wetu?

Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza ujira wa aina fulani usiletwe nyumbani mwa Bwana hata kwa kutimiza nadhiri. Fedha haiwi safi kwa sababu imeingia kwenye bahasha ya sadaka. Hata wale makuhani waliomnunua Yesu walijua kwamba vipande thelathini haviingii hazinani (Mathayo 27:6), ingawa hawakuona shida kuvitoa. Mtu kama huyo tusimfukuze, maana Yesu hakumfukuza Zakayo. Tumpende kiasi cha kumwambia: ndugu, walipe kwanza vijana wako.

Tena tusiishie kwa matajiri. Amri ya nne inamtaja mjakazi kwa jina la kazi yake (Kutoka 20:10). Nyumbani kwa mwanakwaya yuko dada wa kazi aliyetoka kijijini, anayelipwa kidogo au kuambiwa asubiri, anayebaki jikoni siku ya Sabato ili sisi turudi tukute chakula. Sauti yetu ikipanda juu kanisani kumtangaza Mfalme wa wafalme, yule binti ndiye anayejua kama tunaamini tunachoimba. Handel hakumwona mtumwa wake; aliona karatasi. Sisi tunamwona kila asubuhi.

Basi kijana yule aliyeuliza swali darasani apewe jibu kamili. Aambiwe ukweli wote kuhusu Handel, mema na mabaya. Asomewe Ufunuo 18 kabla ya Ufunuo 19, kwa utaratibu huo. Kisha aalikwe kuimba, na kabla ya kuimba kila mmoja, kuanzia mwalimu wa kwaya, aangalie kama kuna mtu anayemdai. Kama yupo, Mathayo 5:23, 24 imekwisha kutuambia kipi kitangulie.

Maswali ya kujadili darasani

1. Soma Amosi 5:21–24. Je, kuna wakati kwaya ya kanisa inapaswa kunyamaza kwa muda? Ni nani anayepaswa kuamua, na kwa vigezo gani?

2. Kuna tofauti gani kati ya kuimba wimbo wa mtunzi mwenye dhambi aliyekwisha kufa, na kupokea mchango wa mtu anayeendelea kudhulumu? Toeni mifano bila kutaja majina ya watu.

3. Zakayo aliahidi kutoa na pia kurudisha. Kwa nini tunapenda zaidi kutoa kuliko kurudisha?

4. Ufunuo 18:4 inawaita watu wa Mungu watoke Babeli. Katika kazi, biashara na nyumba zetu hapa kando ya ziwa, ni jambo gani moja tunaloweza kutoka ndani yake kabla ya Sabato ijayo?